Zamu ya Kaka Mimbarini

4 Machi

Kaka mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa ng'ombe wote wenye adabu. Wale wapiga teke wasalimie kwa mbali.

Imefika, Kaka. Mkutano Mkuu wa kanisa umeniandikia: Jumapili ya kwanza ya Juni ndiyo ibada yangu ya kustaafu. Miaka arobaini na tatu! Mama watoto ameshaanza kufunga vyombo, na mimi nimezunguka chumba hadi chumba nikitafuta kilicho chetu. Meza ya kanisa, kabati la kanisa, hata kitanda ninacholalia kina namba ya kanisa mguuni. Tangu nitoke chuoni tumekaa nyumba tisa, na kila tulipoanza kujua ni bomba lipi linavuja, barua ya uhamisho ikaingia. Ndivyo tulivyo Wamethodisti, mchungaji haachwi akazoea ukuta.

Sasa wanataka wasifu wa kusomwa siku hiyo. Binti wa masijala pale makao makuu, mchapakazi kwelikweli, ameahidi kulifukua faili langu tangu ukurasa wa kwanza. Na mimi nitatoa hubiri la mwisho, na unajua nitasimulia nini. Ng'ombe! Hakuna kituo nilichofanya kazi bila kusimulia kisa kile. Ilikuwa Jumapili ya zamu yako ya kuhubiri, ng'ombe akashikwa na uchungu, ndama amekaa vibaya tumboni. Ukanikuta nafagia banda, ukaniambia, "Mkia, vaa koti langu, kimbia kanisani ukanishikie zamu." Nikaenda na harufu yangu ya zizi, nikapanda mimbarini bila hata karatasi, nikasema yaliyonijia. Majuma matatu baadaye ikaja barua ya kuniita chuo cha wachungaji, mimi ambaye sikuwa nimeomba chochote. Nikifika hapo watu husahau hata kukohoa.

Nikumbushe tu: alikuwa ng'ombe yupi? Na ndama, jike au dume? Safari hii nataka kusema kwa usahihi. Na wewe uwepo, sitaki kusikia visingizio.

Mdogo wako ambaye bado anakufuata nyuma,
Mkia


15 Machi

Mkia,

Barua nimeipata. Hongera. Miaka arobaini na tatu unahamahama na mabegi kama mchuuzi wa sabuni, sasa tulia.

Ng'ombe ni ng'ombe. Nimezalisha mamia, nitamkumbukaje mmoja? Kisa chenyewe kimezeeka, kiache kipumzike. Wahubirie upendo. Watu wanaupenda upendo, tena hubiri lake huwa fupi.

Huyo binti wa masijala mwambie asijisumbue na makaratasi ya zamani, atapata mafua bure. Wasifu andika mwenyewe, maisha ni yako.

Kuhusu kuja, sijui. Mtambo wa kukamua unasumbua, unakamua upande mmoja na kuusahau mwingine. Na goti langu nalo. Shemeji yako atakuja kwa niaba.

Kaka yako


26 Machi

Kaka,

Mwandiko huu usikushangaze, naandikia juu ya kasha la vyombo.

Yule binti amekuja mwenyewe leo asubuhi na faili kwapani, uso wote tabasamu, akidhani ameniletea zawadi. Tukakaa sebuleni, katikati ya makasha. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasema, "Baba Mchungaji, hata mwandiko wako wa ujanani ulikuwa mzuri." Nikatazama. Kaka, haukuwa mwandiko wangu. Ulikuwa wako, huo huo ulionifundishia kuandika.

"Mimi, mzaliwa wa kwanza wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, naomba kupokewa nifundishwe kazi ya uchungaji."

Mzaliwa wa kwanza! Nikamwambia binti aniletee maji. Alipokwenda jikoni nikafungua kurasa nyingine haraka haraka, mithili ya mwizi. Ipo barua ya wazee wa kanisa letu, wanasema umehubiri miaka minne na wanakuamini. Ipo barua ya kupanga siku ya mahubiri yako ya majaribio: watahini wawili watatoka mbali, watakaa kitini kimya, wataandika wanachoona. Tarehe ni Jumapili ile. Jumapili ya ng'ombe! Kisha taarifa yao: "Kijana wa shamba la maziwa amehubiri, ndani ya koti lisilomwenea. Tunampendekeza bila shaka yoyote." Baada ya hapo ndipo zinapoanza fomu zangu mimi, nilizojaza chuoni. Mtu alizifunga zote kwa uzi mmoja na hakuna aliyewahi kuzisoma tena.

Nimeelewa ilivyotokea na bado siamini. Mchungaji wetu wa zamani, aliyekujua tangu utoto, alihamishwa mwezi ule ule, na yule mpya hakuwa amefungua hata masanduku yake. Watahini hawakukujua. Waliambiwa kijana wa shambani, wakamwona kijana wa shambani. Kosa hilo kanisa lisilohamisha watu haliwezi kulifanya.

Lakini wewe, Kaka? Barua ya kuniita chuoni ulitusomea wewe, Baba yuko kitandani anaumwa, Mama ameshika taulo la vyombo. Ulipomaliza ukaikunja, ukaitia mfukoni. Majibu pia uliyaandika wewe, ukisema mwandiko wangu utatutia aibu. Barua ile sikuishika mkononi hata siku moja. Ilisema nini?

Usinipigie simu, nitasema ovyo. Niandikie.

Mkia


3 Aprili

Mkia,

Ilianza hivi: "Kwa kujibu maombi yako." Mstari huo niliuruka, na kwenye majibu nikatia jina lako, ukoo ukiwa ule ule.

Haya, umejua. Niliomba mimi. Nyumbani sikusema, maana Baba alikuwa taabani na ningekuwa namtangazia kwamba wa kumwachia shamba anaondoka. Nilingoja nikubaliwe kwanza. Jumapili yenyewe ikafika, ng'ombe akakwama. Ningemwacha afe? Nikakutuma wewe, nikijua watahini wataelezwa, watanipangia siku nyingine. Hakuna aliyewaeleza.

Barua ilipokuja nikakutazama. Tangu siku ile ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Unaimba ukikamua, unawaombea hata kuku. Nikasema moyoni, basi, achukue yeye. Shamba lilihitaji mtu na mtu nilikuwepo. Nilikuachia kwa moyo mweupe na sijajuta hata siku moja.

Yamekwisha. Chana hayo makaratasi, wahubirie upendo, mle keki.

Kaka yako


14 Aprili

Kaka,

Yamekwisha? Kwako labda. Mimi tangu barua yako ifike nimekuwa nikisimama katikati ya chumba na kusahau nimefuata nini.

Hebu nikuhesabie nilichokuchukulia. Mzunguko wangu wa kwanza, makanisa saba kwa baiskeli moja, mvua na jua. Miaka sita ya kuingia gerezani kila Jumatano, nimekaa na watu ambao mama zao wenyewe walikuwa wameacha kuja. Mji ule wa kiwanda cha nguo, kilipofungwa ghafla nikalala sakafuni kanisani na wafanyakazi siku kumi na mbili. Nimebatiza watoto, nikawafungisha ndoa, nikabatiza na watoto wao. Nimeshika mikono ya wanaokufa, wengi mno, na kila mmoja nilimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba Mungu aliniita nikiwa nafagia banda, na kwamba Mungu wa namna hiyo hamsahau mtu.

Kumbe aliita mtu mwingine, mimi nikaitika!

Na wewe ukabaki kwenye tope, umekaa kimya, unaniandikia habari za mtambo wa kukamua. Naona aibu. Ulikuwa mhubiri kabla yangu, wazee wameandika hivyo, ninayo hapa.

Nimeamua. Sitahubiri siku hiyo. Nimemwandikia Mwangalizi wa Mzunguko, mkubwa wangu, kwamba narudisha joho na cheti cha uchungaji, na kwamba badala ya wasifu usomwe ukweli: wito haukuwa wangu. Afute hata jina langu kwenye orodha ya wachungaji wastaafu, sistahili. Mama watoto analia, ananiuliza basi yeye ameolewa na nani. Amenisihi nisiifikishe posta kabla ya tarehe kumi na tano Mei. Nimemkubalia hilo tu.

Kama una neno, liseme kabla ya siku hiyo.

Mkia


22 Aprili

Shemeji yangu, Baba Mchungaji,

Mimi si mwandishi, kwa hiyo nakata moja kwa moja. Kaka yako hali chakula. Anakunywa chai tu na kutoka nje kwenda kutazama ng'ombe ambao hawana shida yoyote.

Ile barua aliyokuandikia, ya moyo mweupe, alinipa niisome kabla ya kuituma nione kama ina makosa. Nikamwambia kosa ni moja tu, ila ni kubwa kama nyumba. Akaifunga kwenye bahasha, akalamba stempu.

Mwulize habari za ng'ombe.

Unakumbuka nilikuwa msichana wa shamba jirani, nikiimba kwaya. Asubuhi ile njia ya chini ilijaa tope, nikakatiza zizini kwenu. Shemeji, mimi nina macho. Miaka arobaini na miwili ya ndoa nimenyamaza, na si kwa woga, nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe. Sasa nimempa mpaka Jumamosi. Asiposema nasema mimi, na unanijua, maneno yangu hayana sukari.

Usipeleke kitu posta. Mwambie mwenzangu, mkeo, aache kulia, ajipumzishe.

Shemeji yako


26 Aprili

Mkia,

Leo ni Jumamosi. Shemeji yako amekaa mbele yangu anamenya viazi na ananitazama.

Hakukuwa na ng'ombe.

Yaani ng'ombe walikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anazaa. Yule ndama alizaliwa usiku wa kuamkia siku ile, salama salimini, mwenyewe, bila hata kunihitaji. Alikuwa banda la nyuma, wewe hukuwa umemwona.

Nilikuwa nimejiandaa miezi, Mkia. Hubiri nimeliandika, nimelikariri, nimewahubiria ng'ombe mpaka wamechoka. Jumapili zote za nyuma nilihubiria majirani bila tabu. Ila asubuhi ile nilipovaa koti, nikafikiria wale watahini wawili na maisha yangu yote yaliyokuwa nyuma yao, tumbo likanigeuka. Nilitapika nyuma ya ghala la pumba. Nikanawa, nikajikaza, nikatapika tena. Vifungo vya koti vilinishinda kufunga. Nikapiga magoti pale pale kwenye matapishi, nikasema, Bwana, kama si mimi nionyeshe. Nikainua macho, nikakuona wewe na ufagio.

Sikukuchagua, Mkia. Nilikusukuma mbele nikakimbia. Ulipotokomea nikajipaka tope mkono wote mpaka begani, ili mkirudi mnione nimehangaika. Shemeji yako alipita akaniona najipaka. Ndiyo hadithi yako ya ng'ombe hiyo.

Halafu mkarudi, na kanisa zima linasema ulihubiri vile. Nikajua nimejibiwa. Anayeitwa hatapiki. Anayeitwa hupanda juu akafungua kinywa, ulivyofanya wewe. Barua ya chuo ilipofika nikauruka mstari ule kwa sauti iliyotulia kabisa, maana niliona nasahihisha tu kosa. Tangu hapo nimekaa kiti cha nyuma kabisa kanisani na sijawahi kusoma hata tangazo mbele ya watu.

Usinirudishie joho. Hukuniibia kitu. Mwizi hapa ni mimi, nimeiba sifa ya kujitoa muhanga miaka arobaini na tatu, na kila ulipokuja nyumbani ukaisimulia mimbarini nikawa nainamisha kichwa watu wakidhani ni unyenyekevu.

Sasa nichukie tu.

Kaka yako


5 Mei

Kaka,

Nilikuchukia siku tatu. Barua yako niliitupa sakafuni, mama watoto akaiokota, nikaitupa tena. Nimesimulia uongo mbele ya wafungwa! Mbele ya wajane! Nilimwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba nina kaka aliyetia mkono ndani ya ng'ombe ili mimi niingie kwa Mungu. Na wewe ulikuwa umejipaka tope. Nimecheka pia, siku ya pili, kicheko kibaya, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya nne nikaisoma tena. Nikafika pale uliposema anayeitwa hatapiki.

Kaka, kaa chini.

Mimi natapika. Kila Jumapili. Tangu hubiri langu la pili maishani mpaka Jumapili iliyopita. Natapika kwenye chumba cha kuvalia joho, dakika kumi kabla ya ibada. Katika vituo vyote tisa mama watoto amebeba beseni moja la bluu, analiweka nyuma ya mlango, na ninapoanza yeye huimba wimbo kwa sauti ya juu ili wazee wa kanisa wasisikie. Kote tulikopita wanamsifu kwa roho yake ya kuimba! Watoto wangu mwenyewe hawajui.

Nilificha kwa sababu ile ile yako. Niliamini walioitwa kweli hawaogopi. Na unajua nilikuwa nikimfikiria nani ninapojifuta mdomo? Wewe. Nilikuwa nasema, Kaka angekuwa hapa angepanda ngazi hizi akitabasamu, alivyokuwa akihubiri nyumbani. Nikaona aibu kukuandikia. Maelfu ya Jumapili, na sikukuandikia hata mstari mmoja.

Mara moja tu sikuogopa, ile Jumapili ya koti lako. Haikuwa zamu yangu, ningeogopa nini?

Barua ya Mwangalizi bado iko mezani, ina stempu tayari. Mimi sijui tena niipeleke au niichane. Kichwa kimenijaa. Niambie wewe.

Mkia


10 Mei

Mkia, Mkia, Mkia,

Ungeniambia! Mstari mmoja, mtu wewe! Uliniandikia habari za mabomba yanayovuja, ukaniandikia paka wa mchungaji aliyekutangulia, kurasa mbili nzima za paka, na hili ukalificha!

Nilikuwa nimesimama zizini nikisoma. Ilibidi nikae chini kwenye majani. Shemeji yako akaja mbio akidhani ni moyo. Nimelia mbele yake na mbele ya ng'ombe wote.

Kwa hiyo ningeweza. Hicho ndicho ninachorudia tangu juzi. Ningetapika, nikajifuta, nikapanda. Nilijiona mtu aliyekataliwa na Mungu, nikamkwepa macho miaka yote hii, kumbe ni tumbo tu! Sijui niweke wapi hasira yangu. Nyingine ni kwangu na nyingine kidogo ni kwako, nayo siifichi, tumeficha vya kutosha.

Lakini chana barua ya Mwangalizi. Chana leo, uliposimama hapo. Wewe ulipanda ukiwa na hofu yangu yote na yako juu yake, wiki baada ya wiki, na hukumtafuta mtu wa kumsukuma mbele. Mimi nilishindwa mara moja. Wewe umeshinda mara elfu mbili na bado unauliza kama uliitwa? Usinitie wazimu.

Siku hiyo hubiri. Wasimulie kisa chote, na tope uliseme, na pumba uzitaje, nimeruhusu.

Nimeazima suti, inabana mabegani. Tutafika Jumamosi. Mwambie mkeo kwamba Jumapili asiimbe, aende akakae na wanawe asikilize ibada kwa raha mara moja katika maisha yake. Chumba cha joho niachieni mimi. Nitakushikia beseni, na nikihisi tumbo langu nalo linageuka, utanisogezea.

Kaka yako